Niliongeza mota, njia ikanipungukia

Duka langu liko Mombo, nyumba yangu iko juu ya Soni, na kati ya hapo nasafiri kwa baiskeli niliyoifunga mota ya umeme. Anayeijua barabara ile ya kwenda Lushoto ameshaelewa shida yangu yote. Kwa asiyeijua: Mombo ni chini, kando ya barabara kuu ya Dar kwenda Arusha, kwenye joto la mkonge na mpunga. Ukikata kuingia Usambara, barabara inajikunja kando ya korongo, masikio yanaziba, na baada ya kilomita 33 uko Lushoto, karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, mahali Wajerumani walipopaita Wilhelmstal na ambapo mtu mzima anavaa sweta saa nane mchana. Soni ipo katikati ya njia hiyo, kwenye maporomoko ya maji na wauza peasi.

Mimi sifiki Lushoto. Nafika Soni, naacha lami, nashika njia ya udongo kilomita tatu hivi hadi kwetu. Lami ilichorwa na mtu aliyefikiria magari. Njia ya kwetu ilichorwa na mbuzi. Kuna kipande cha mita kama 300 ambacho kinapanda mita 14 kwa kila mita 100, na mvua ikinyesha kinateleza kama sabuni. Jumla, kutoka mlango wa duka hadi mlango wa nyumba ni kilomita 20, na simu yangu inasoma tofauti ya mita 900 kwenda juu. Asubuhi nateremka, jioni napanda. Mwenye duka juu na nyumba chini angekuwa na maisha tofauti kabisa na haya ninayoyasimulia.

Kwa miaka nilipanda Hiace na Noah, nikibanwa na matenga ya kabichi. Kisha nikaona mtandaoni watu wakifunga mota kwenye baiskeli za kawaida, nikaenda Kariakoo, nikarudi na boksi. Ndani mlikuwa na gurudumu la nyuma lenye mota katikati yake, wati 250, betri ya volti 36 na ampea-saa 10, kontrola, yaani kiboksi kinachopima umeme uende kiasi gani kwenye mota, na nyaya za rangi zote. Nikaifunga kwenye baiskeli yangu ya gia saba.

Hiyo namba 250, niliichukulia kama nguvu ya mota. Siyo. Ulaya, sheria inaruhusu baiskeli ya umeme isiyohitaji leseni iwe na mota ya wati 250 kwa kazi ya kuendelea, na isaidie mpaka kilomita 25 kwa saa tu. Kwa hiyo viwanda vinapiga muhuri wa 250 kwenye mota za kila namna. Kontrola yangu ilikuwa inaruhusu ampea 15. Zidisha kwa volti 36, unapata wati 540 zinazotoka kwenye betri. Muhuri unasema kile ambacho sheria inataka kusikia. Tangu hapo nikitaka kujua mota itakula kiasi gani naanza kuangalia ampea za kontrola, ndipo nasoma kilichoandikwa kwenye chuma.

Siku ya kwanza nilipita kwa fundi baiskeli wa pale Mombo, mzee aliyeanza kunyoosha rimu kabla sijazaliwa. Nikamwamkia, shikamoo, nikamwachia baiskeli aitazame. Akaizunguka kimya, akazungusha pedeli, akabadilisha gia.

"Mwanangu," akasema, "hizi gia saba zinakusaidia wewe. Huyu wa umeme zinamsaidia nini?"

Nikamwambia mota haihitaji gia, ina umeme. Akacheka kidogo, akarudi kwenye pancha yake. Ingenifaa kukaa pale nusu saa nikamuuliza alikuwa na maana gani. Nilikuwa na haraka ya kwenda kupanda mlima.

Mpaka Soni nilifika, kwa kusaidiana: mimi nakanyaga, mota inasukuma. Kwenye njia ya mbuzi mota ilianza kulia sauti nzito, mwendo ukashuka mpaka ule wa mtu anayetembea, kisha ikasimama. Niliisukuma baiskeli ya kilo 29 mbele ya baraza la majirani. Mtu akiniona hivyo leo ningemwambia mota ilikuwa ndogo. Ndivyo nilivyojiambia na mimi wakati ule, na ndivyo nilivyoanza kuweka akiba ya mota kubwa.

Miezi saba baadaye ikaja. Wati 1,000, volti 48, isiyo na gia hata za ndani: gurudumu lenyewe ndilo mota, sumaku zikizunguka duara zima, uzito wa ndoo ndogo ya maji. Kontrola ya ampea 28. Betri mpya, volti 48 na ampea-saa 13, yaani wati-saa 624. Nikaifunga na vyuma viwili vya kuzuia ekseli isijizungushe na kuchana fremu (usiache vyuma hivyo, nakuomba, hata kama aliyekuuzia anasema si lazima). Nikapanda.

Nisidanganye, ilikuwa raha. Kilomita 25 kwa saa kwenye mlima ambao malori yanaupanda kwa gia ya kwanza. Nilipita Fuso la mbao nikampungia utingo mkono. Kukanyaga nilikuwa nakanyaga kwa adabu tu. Upepo usoni, korongo kulia, na ndani ya nusu saa na ushee nilikuwa Soni, dakika ambazo Noah ilikuwa inazimaliza stendi ikisubiri abiria wa mwisho. Ule mwezi wa kwanza kama ungeniuliza ningekuambia uza ng'ombe ununue hii.

Lakini nilipoiacha lami nikaona vijiti vya betri kwenye skrini vimebaki viwili. Kwenye njia ya mbuzi vikawa kimoja, kisha skrini ikazima. Giza. Nikasimama, nikanywa maji, nikaiwasha tena: vijiti viwili! Nikaenda mita hamsini, ikazima. Watoto wa jirani wakaja kukaa kwenye ukingo kama waliolipa kiingilio. Nikasukuma tena, safari hii baiskeli ya kilo 33.

Usiku ule ndipo nilipokaa na kalamu, kazi ambayo ilitakiwa ifanyike kabla ya kutoa pesa.

Mlima una bei yake, nayo haijali umeupanda na nini. Chukua uzito wote unaopanda, mtu na chombo na mzigo. Zidisha kwa 9.81, zidisha kwa mita unazokwenda juu, gawanya kwa 3,600. Jibu ni wati-saa, kipimo kilekile kinachopatikana ukizidisha volti za betri kwa ampea-saa zake. Mimi na baiskeli na begi tulikuwa kilo 115 na mota ya kwanza. Mara 9.81, mara 900, gawanya: wati-saa 282. Hizo ni za kupanda tu. Matairi yangu ya vifundo yanakula kama 60 nyingine kwa kilomita 20. Halafu upepo, na huyu ndiye mwizi asiyeonekana. Kwa mwendo wa kilomita 14 kwa saa anachukua kama 30. Kwa 25 anachukua karibu 100, kwa sababu ukizidisha mwendo mara mbili, nguvu ya upepo kukusukuma nyuma inazidi mara nne.

Basi panga hesabu ya mota kubwa: kupanda 292, maana iliongeza kilo nne, matairi 65, upepo 98. Inakaribia 455. Toa 40 za miguu yangu ya adabu. Zinabaki kama 415 zinazotakiwa zifike kwenye tairi. Sasa, umeme ukitoka kwenye betri haufiki wote. Kama mota na kontrola vinafikisha asilimia 70, betri lazima itoe karibu 590. Betri yangu ilikuwa ya 624 kwenye karatasi. Sikuhitaji mganga kuniambia kwa nini nilikuwa nazimikia karibu na nyumbani.

Mota ndogo, kwa mwendo wake wa kobe na mimi nikikanyaga kwelikweli, ilikuwa inadai kidogo kuliko hiyo. Kumbe nilinunua kasi nikidhani nimenunua mlima.

Lakini hesabu hiyo bado haikueleza kile kipande cha mbuzi. Nilinunua mita ndogo ya kusoma wati, ikafungwa kati ya betri na kontrola, nikarudia njia ile taratibu, kilomita 10 kwa saa. Kwa mwinuko ule na mwendo ule, tairi linahitaji wati kama 490. Mita ilisoma 1,100. Zaidi ya nusu ilikuwa inapotelea njiani, na nilipofika juu nikagusa kitovu cha gurudumu nikajua inapotelea wapi. Hakikushikika. Kilinuka vanishi iliyoungua.

Hapa ndipo swali la fundi lilipokuwa linakwenda. Nguvu ya mota ya kuzungusha inatoka kwenye ampea zinazopita kwenye nyaya za shaba ndani yake. Ukitaka msukumo mara mbili, unapitisha ampea mara mbili. Lakini joto kwenye shaba linakua mara nne. Na joto hilo halijali gurudumu linazunguka au limesimama. Kwenye lami, kwa kilomita 25 kwa saa, gurudumu linazunguka haraka, kazi nyingi inafanyika kwa kila sekunde, joto ni sehemu ndogo. Kwenye njia ya mbuzi gurudumu linazunguka kama mara moja tu kwa sekunde, kazi imepungua, msukumo unaotakiwa ni mkubwa zaidi, joto limepanda. Endelea kupunguza mwendo mpaka usimame huku umefungua resi: hapo mota yako ya wati 1,000 ni pasi. Pasi nzuri sana, ya bei ghali, yenye spoku.

Miguu yangu ina gia. Nikifika mlimani nahamia sproketi kubwa ya nyuma, miguu inaendelea kuzunguka vilevile na gurudumu linakwenda polepole. Mota iliyo ndani ya gurudumu haina mahali pa kuhamia. Iwe na wati 250 au 1,000, mzunguko wake umefungwa kwenye mwendo wa gurudumu. Ile kubwa inastahimili aibu hiyo kwa muda mrefu zaidi, kwa kuwa ina shaba nyingi ya kubeba joto.

Na betri nayo ina lake. Ndani yake kuna ukinzani, yaani kinachouzuia umeme kupita kirahisi. Tuseme ohmu 0.15 kwa betri kama yangu pamoja na viunganishi. Ukivuta ampea 28, volti zinazama kwa zaidi ya 4, na betri yenyewe inapashwa wati karibu 120 bila faida. Ukivuta 12, volti zinazama chini ya 2 na joto ni wati 22 tu. Betri ya volti 48 ina seli 13 kwa mfululizo, ikijaa inasoma 54.6, na kibao chake cha ulinzi kinakata umeme ikizama sana, ili seli zisife. Jioni ile kwenye ukingo, betri yangu haikuwa tupu. Ilikuwa imechoka, nami naivuta kwa ampea zote, volti zikagonga sakafu, ikakata. Nikinywa maji volti zinapanda, vijiti vinarudi. Watoto walidhani ni uchawi.

Kabla sijaitupia lawama zote ile mota kubwa, niseme jambo moja ambalo mpaka leo ninalikosa. Ilikuwa na breki. Ukiteremka, unabonyeza, mota inageuka jenereta na kurudisha umeme kwenye betri. Kutoka kwetu hadi Mombo mita ilikuwa inaonyesha nimerudishiwa kama wati-saa 80, na pedi za breki zilikaa miezi mingi bila kuguswa. Ila siku ya kwanza ilinipa funzo la kutisha. Nilikuwa nimechaji usiku nyumbani, betri imejaa pomoni. Nikaanza kuteremka, nikabonyeza, ikashika kidogo, kisha ikaachia ghafla nikiwa naingia kona. Betri iliyojaa haina pa kuweka umeme mwingine. Kontrola ikaona volti zimepita kiasi, ikajitoa. Nilibaki na breki za mkono na dua. Anayeishi juu akichaji nyumbani mpaka mwisho, breki ya namna hiyo inamkimbia kilometa za mwanzo, ambazo kwangu ndizo kali kuliko zote.

Tangu siku hiyo nachaji dukani. Naondoka nyumbani na betri iliyobaki jana, nateremka karibu bure, naichomeka saa mbili asubuhi. Chaja yangu ni ya ampea 2, kwa hiyo inataka saa tano sita, na mpaka nafunga duka taa yake imeshakuwa ya kijani. Inakula chini ya uniti moja ya Luku. Umeme ukikatika kutwa, nalala kwa mjomba Mombo na mbu wake. Inatokea.

Niliporudi kwa fundi, sikumwambia chochote. Alitazama lile gurudumu zito, akauliza nauza shilingi ngapi. Kisha akanionyesha kwenye simu yake, simu yenye kioo kilichopasuka pande nne, picha ya mota inayofungwa pale pedeli zilipo. "Hii inavuta cheni," akasema. "Inapanda na gia zako." Alikuwa nayo picha muda wote.

Nikauza kubwa, nikanunua hiyo: wati 500, volti 48, ampea 18. Nusu ya mota niliyokuwa nayo. Betri ileile. Nikabadilisha sproketi ya mbele ikawa ya meno 36, nyuma kubwa ni ya meno 34. Kwenye njia ya mbuzi, kwa kilomita 8 kwa saa, pedeli zinazunguka kama mara 60 kwa dakika, na mota ndani, kwa gia zake yenyewe, inazunguka zaidi ya mara elfu moja. Hailii. Ukiigusa juu kabisa ni ya moto, lakini mkono unakaa.

Safari ya jioni sasa inanichukua saa moja na dakika 25, na jasho. Mita inasoma kati ya wati-saa 350 na 370. Ni betri ileile iliyokuwa inazima mlangoni, na sasa nafika ikiwa na zaidi ya theluthi. Sehemu ya tofauti hiyo ni gia, sehemu ni mwendo, sehemu ni miguu yangu: kwa wastani wa wati 80 kwa muda wote huo nachangia zaidi ya 110, ambazo hakuna duka lililoniuzia.

Gharama ilihamia kwingine. Cheni. Mota na miguu vyote vinavuta cheni moja, na ukibadilisha gia huku mota inasukuma, inakatika. Yangu ilikatika jirani na maporomoko ya Soni, saa kumi na mbili jioni, na muuza peasi akanishikia tochi ya simu nikiunga. Siku hizi natembea na viungo viwili vya akiba, na naachia resi kabla ya kugusa gia. Sproketi ndogo za nyuma nazibadilisha mara nyingi kuliko ninavyopenda. Pedi za breki ndiyo usiseme: mita 900 za kuteremka kila asubuhi zote zinaishia kwenye diski, na mota hii ya pedeli hairudishi hata chembe ya umeme.

Kwa hiyo watu wanaponiuliza dukani, na wanauliza kila wiki, sina jibu moja. Kijana wa Mkomazi aliyenunua ile mota yangu kubwa anaishi kwenye tambarare. Anakwenda nayo Mombo na kurudi, haina joto, anaisifia mpaka namwonea wivu. Mwenye mlima mfupi mmoja mwisho wa safari tambarare pengine afunge ile ndogo na akanyage dakika tano. Mwenye mlima kama wangu, na pesa za kitu kimoja tu, mimi ningemwambia aweke kwenye betri na mota ya cheni isiyozidi 500, kisha akubali kuchelewa. Lakini namjua mtu wa kwetu. Ataniuliza, "Ile ya elfu moja huna?"

Wiki iliyopita mama watoto alinipigia saa kumi. "Baba, mchele umeisha. Niletee kilo 25 za huko huko Mombo." Nikageuza risiti ya mteja, nikaandika: 25 mara 9.81 mara 900, gawanya kwa 3,600. Sitini na moja. Ongeza matairi, ongeza kinachopotea kwenye mota. Kama 100. Nikatazama taa ya chaja, ilikuwa ya kijani.

"Naleta," nikamjibu.

Nikaufunga mfuko kwenye keria kwa mpira wa tairi. Soni nilifika wakati wa magharibi. Kwenye njia ya mbuzi nilikuwa gia ya kwanza, kilomita 7 kwa saa, na watoto wale wale wakanifuata wakikimbia, kisha wakanipita, wakaenda kunisubiri juu. Nilifika na vijiti viwili. Mama watoto akaupima mfuko kwa macho, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi ninavyohema.

"Kumbe inabeba," akasema. "Basi Jumamosi lete na unga."